Damu ya Barwaqo

Kampala
8 Machi 1965

Abaayo Safiyo,

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Naandika Kiswahili kwa makusudi, nawe nijibu hivyo hivyo. Kisomali chetu hakijapata maandishi ambayo watu wamekubaliana, Kiarabu cha baba yetu, Aabo, nakisoma kwa kupapasa, na isitoshe barua zote za huko zinafunguliwa siku hizi. Anayefungua akielewa, barua inatembea. Asipoelewa, inakaa.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana mara ya mwisho ulisema nimekuja Kampala kusomea wadudu. Idara yetu inachunguza chembe. Kila kilicho hai, dada yangu, kimejengwa kwa chembe: wewe, mbuzi wako, nyasi anazokula. Tone moja la damu lina chembe mamilioni kwa mamilioni, na kila moja ina kazi yake na inaifanya bila kuamrishwa na mtu. Mwaka wa kwanza nilidhani nitazoea. Huu ni wa tatu na sijazoea.

Kuna desturi moja hapa ungeipenda. Kila Jumatatu saa kumi idara nzima inakunywa chai pamoja, tangu Profesa hadi mzee anayefagia. Aliyeona kitu wiki hiyo anakiacha chini ya hadubini, na sisi tunapanga foleni kukitazama, vikombe mkononi. Hakuna kupita mbele. Nimewahi kumwona Profesa amesimama nyuma ya mfagiaji, anangoja zamu yake kama wengine.

Wiki mbili zilizopita daktari mmoja wa mifugo alituletea chupa ya damu ya ngamia kutoka Turkana, imefukiwa kwenye barafu. Chembe nyekundu za damu yangu ni duara. Za ngamia ni ndefu ndefu, zina umbo la mbegu za tikiti. Mimi niliyezaliwa kivulini mwa ngamia sikujua. Kisha Mama Nakibuuka, fundi wetu wa maabara, akatia tone la maji kwenye damu yangu. Chembe zikavimba, zikapasuka, zikatoweka. Akatia tone kwenye damu ya ngamia. Zikavimba, zikaendelea kuvimba, zikawa duara, zikawa kubwa mara mbili ya zilivyokuwa. Hazikupasuka.

Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nawaza ngamia wa Aabo wanapofika kisimani baada ya siku kumi na mbili za kiu, wanavyokunywa bila kuinua shingo mpaka mgeni anaogopa. Mnyama mwingine angekufa kwa kunywa namna ile. Sasa nimeona kwa macho yangu kwa nini wao hawafi. Nilitokwa na machozi mbele ya watu na sikuona haya.

Profesa anataka kujua kama ukubwa wa chembe hizo unarithiwa, mama kwa binti. Nikasema baba yangu ana ngamia. Kwa hiyo nakutumia vipande arobaini vya kioo. Choma mshipa wa sikio, dondosha tone moja kwenye kioo, lisambaze kwa ukingo wa kioo kingine hadi liwe jembamba sana, liache likauke. Kila kioo ukipe namba, na kwenye karatasi uandike namba, umri na mahali anakochungwa.

Hapa sijamwambia mtu habari za vita vya shifta huko nyumbani. Wakiniuliza nyumbani kukoje nasema kuna joto.

Ndugu yako,
Keinan Abdille


Garissa
6 Aprili 1965

Walaal Keinan,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa vizuri kuliko ulivyoibandika wewe. Hooyo anakusalimu. Miguu bado inamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo.

Umenipa kazi gani hii? Nilipomsomea Hooyo kwamba mwanawe anataka damu, alikaa chini. Akasema tumekupeleka shule ukasome, sasa unaagiza najisi kwa posta. Aabo aliondoka akaenda kuswali. Siku ya nne alikuja dukani kwa ami yetu, Adeer Noordin, nilikuwa napima sukari, akaniambia: nisomee tena pale kwenye maji. Nikamsomea. Akasema nisomee tena. Mara ya tatu wateja nao walikuwa wanasikiliza, na mmoja sukari yake nilimzidishia. Aabo akasema damu hii si ya kunywa, ni ya kutazama, na Mungu hakukataza kutazama alichokiumba.

Basi tukaomba kibali cha njia, tukapanda lori hadi Dagahaley kwenye ngamia. Aabo alichoma sikio kwa sindano ya kushonea magunia, mimi nikapaka kioo. Vioo sita nilivivunja, kimoja alikikanyaga Guduudo. Nilipofika nyumbani Hooyo aliniosha mikono mara saba, ya saba kwa mchanga.

Kuhusu namba zako, sahau. Aabo amekataa. Wewe umekaa Kampala mpaka umesahau kwamba ngamia hahesabiwi? Ukimhesabu umemwitia jicho. Nimeandika kila mmoja kwa jina lake, la mama yake na la bibi yake, jinsi Aabo anavyowataja, na siku na kisima anachonywa, na tabia yake kidogo. Mfano: Barwaqo binti Dheero binti Addey, mpole, yuko Dagahaley, siku ya maji Jumatano. Guduudo binti Barwaqo, haogopi bunduki, ukimsogelea vibaya anavunja mkono. Juu ya orodha sikuandika ngamia wala nini. Nani asiyemjua Barwaqo?

Nilikuwa nimekukasirikia, nikwambie kweli. Lakini lile tone lilipokuwa linakauka niliinua kioo kwenye jua nikakiangalia, nikajua kwamba wewe utaona humo kitu ambacho mimi sikioni, na nikasisimka mwili mzima.

Barua hii inatangulia leo na lori la Adeer. Vioo Aabo amevifunga kwa pamba ndani ya sanduku la majani ya chai, na kesho anavipeleka posta kwa mkono wake. Hataki mtu mwingine aguse.

Dada yako,
Safiyo


Kampala
19 Aprili 1965

Abaayo,

Barua imefika leo asubuhi, sanduku bado. Naandika nikitoka kwenye chai, na lazima nikwambie kilichotokea.

Nilimweleza Profesa kuhusu namba nikiwa nimejiandaa kuomba radhi. Akaniuliza: mama na bibi, kwa kila ngamia? Nikasema ndiyo, na nyumbani Aabo akianza haishii hapo, anakwenda hadi mama wa saba. Profesa akaweka kikombe chini. Alisema amefanya kazi hii miaka ishirini na sita na hajawahi kupata kundi la wanyama ambalo ukoo wa kila mmoja unajulikana kwa upande wa mama, tena kichwani mwa mtu mmoja. Namba zingempa ngamia thelathini na kitu. Aabo amempa familia. Mama Nakibuuka amefuta meza nzima ya dirishani na kuandika juu yake kwa chaki: MEZA YA MZEE ABDILLE. Hakuna anayeruhusiwa kuweka hata kalamu.

Mwambie Aabo. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika, halafu unieleze uso wake ulikuwaje.

Tunangoja sanduku.

Keinan


Garissa
5 Mei 1965

Walaal,

Tuko salama. Barua yako tumeipata. Sanduku nadhani limepotea njiani, siku hizi malori yanasimamishwa sana. Usitume vioo vingine. Usiandike tena habari za damu, tumechoka nazo.

Aabo yuko safarini. Akirudi nitamwambia.

Soma kwa bidii. Likizo hii usije, joto limezidi.

Safiyo


Kampala
17 Mei 1965

Safiyo,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta dada yangu ndani yake.

Kama vioo vimevunjika, sema. Kama Hooyo amevitupa, sema, sitakasirika. Lakini "tumechoka nazo"? Wewe uliyekiinua kioo kwenye jua? Na Aabo kaenda safari gani mwanzo wa mvua, wakati ngamia wanazaa? Nina umri wa miaka ishirini na mitatu, si mtoto wa kuambiwa kuna joto.

Kila Jumatatu watu wananiuliza: sanduku la mzee? Ile meza bado haina kitu. Jumatatu iliyopita nilikunywa chai yangu nje ili wasiniulize. Nahisi umeniaibisha, na sijui kwa nini.

Niandikie kama zamani.

Keinan


Garissa
9 Juni 1965

Kwa Bwana Keinan Abdille,

Salamu baada ya salamu. Mimi hunijui. Naitwa Sharamo Doyo, Mborana wa Wajir, dresa wa kufunga vidonda katika hospitali hapa Garissa. Mama yenu huchukua dawa ya miguu kwangu. Barua hii amepewa dereva akaitie posta Nairobi, isipite mikononi mwa watu wa hapa. Ukiisoma uichome.

Baba yako hayuko safarini. Tangu tarehe 7 Aprili yuko ndani ya kambi ya askari. Dada yako alikatazwa na mama asikwambie, kwa sababu ungekuja, na vijana wanaoshuka kwenye lori bila kibali wanaishia huko huko.

Ilikuwa hivi. Alifika posta na sanduku, askari wakalifungua. Wakakuta vioo thelathini na vitatu vimepakwa damu, na kila kimoja kina jina la mwanamke, la mama yake na la bibi yake. Wakakuta karatasi ya mahali na siku wanazokutana. Afande wa kambi alikuwa askari huko bara miaka ile ya viapo, watu walipoapishwa kwa damu kuipinga serikali, na kwake damu pamoja na jina ni kiapo, hakuna maelezo mengine. Anaamini mzee amewaapisha wanawake thelathini na watatu kuwapikia shifta, hao waasi wa nyikani, na kuwabebea risasi. Huyo Guduudo asiyeogopa bunduki ametafutwa kila nyumba. Mke wa mshona viatu, anayeitwa Barwaqo kwa bahati yake mbaya, alikaa ndani siku mbili.

Mzee alieleza kwamba ni ngamia. Afande alicheka, akauliza nani anamjua bibi yake ngamia. Dada yako akampelekea barua yako ya kwanza, ile ndefu, ili asome mwenyewe. Akaishika hiyo pia. Anasema chai ya Jumatatu ni mkutano, na Profesa ni jina la siri la mkubwa wenu.

Hawajampiga. Nasema kweli, namwona kila Jumamosi nikienda kutibu askari. Lakini mwisho wa Julai wanampeleka kwenye kambi ya kizuizini iliyo mbali, na waliotangulia huko mwaka huu hatujaona aliyerudi.

Sasa sikiliza, ndiyo sababu ya kukuandikia. Nina hadubini moja ya malaria. Damu ya binadamu naifahamu, ya ngamia sijawahi kuiweka pale maishani mwangu. Dada yako amenisomea kwa kichwa maneno yako, kwamba za ngamia zina umbo la mbegu za tikiti. Je, ni kweli, au ulipamba barua? Na ni ngamia wote, au yule mmoja wa Turkana? Ikiwa ni wote, nitamwomba afande afungue sanduku atazame. Ikiwa si wote, akakuta duara, nitakuwa nimemmaliza baba yako kwa mkono wangu, na mimi sitabaki.

Nijibu kwa kitu cha uhakika.

Sharamo Doyo


Kampala
24 Juni 1965

Abaayo Safiyo,

Nimejua. Usiulize nimejua vipi. Nisamehe barua yangu ya Mei, kama unaweza. Nilikuwa nalalamikia meza tupu, kumbe wewe unapeleka chakula kambini na kurudi kunidanganya kwa ajili yangu.

Barua hii naituma kwa posta ya kawaida, ifunguliwe. Afande, ukisoma, mimi ndiye mwanawe mzee Abdille Nunow. Damu niliiomba mimi. Kama kuna kosa ni langu.

Dada yangu, niliulizwa: je, ni ngamia wote? Nikakaa na swali hilo kitandani usiku kucha. Nilikuwa nimeona ngamia mmoja tu, chupa moja. Nilikuandikia kwa furaha, na furaha si ushahidi. Mtu anaweza kufa kwa sababu nimesema "ngamia" badala ya kusema "ngamia huyu".

Jumatatu nilisimama kwenye chai nikawaambia yote. Vita, kafyu, vibali, sanduku, Aabo. Miaka mitatu nimewaambia kuna joto. Mzee anayefagia akauliza: hizo damu nyingine za ngamia tutazipata wapi? Na kazi ikaanza. Hakuna aliyefundisha wala kusoma siku tatu. Profesa alishusha vitabu vyote na kukuta Waarabu wa Misri, Wahindi na Warusi wameshapima, kila mmoja kwa ngamia wake, na wote wameona umbo hilo hilo. Lakini mimi nilitaka kuona. Mama Nakibuuka akakumbuka kabati lililofungwa tangu enzi ya mwalimu aliyemtangulia Profesa. Tulivunja kufuli. Ndani kulikuwa na masanduku ya vioo, vumbi hadi kooni, na jana jioni tulipata kumi na kimoja: ngamia wa Berbera wanne, wa Sudani sita, na mnyama mmoja wa milima ya Amerika asiye na nundu, ambaye kitabu kinasema ni wa ukoo wa ngamia.

Tukavitazama kimoja kimoja. Tulipanga foleni kama siku ya chai, bila chai. Vioo vingine vina umri mkubwa kuliko mimi. Vyote kumi na kimoja, Safiyo. Hata yule wa Amerika, aliyetengana na jamaa zake tangu kabla ya kuwapo binadamu wa kumchunga, bado amebeba mbegu zile zile za tikiti mwilini. Nilikuwa na hofu ya baba yangu kifuani, na juu yake mshangao ukanijaa, nikashindwa kujua nilie kwa kipi.

Basi mwambie anayeshika hadubini huko: ni kweli, na ni wote. Apake rangi ile ile ya malaria. Kando aweke damu ya mtu.

Profesa amemwandikia afande barua ya Kiingereza yenye michoro. Tumetia sahihi sote ishirini na wawili, mfagiaji kwa dole gumba. Mama Nakibuuka akasema barua isiyo na mhuri serikalini ni karatasi ya kufungia karanga, akapiga mihuri yote ya idara. Upo hata ule wa maktaba unaosema KITABU HIKI KIRUDISHWE.

Nitakuja. Nimeomba ruhusa.

Keinan


Garissa
16 Julai 1965

Walaal,

Usije. Wallahi ukija nitakurudisha na lori hilo hilo. Hooyo ana mtu mmoja ndani, hawezi kuwa na wawili.

Huna la kusamehewa. Nilikuwa nikiandika uongo ule mkono unakataa, ndiyo maana barua ilikuwa fupi. Ningeandika mistari mitatu zaidi ungejua.

Barua ya Profesa imefika. Afande aliniita ofisini. Aliisoma mbele yangu mara mbili, akaigeuza akahesabu mihuri, akaniuliza huyu wa dole gumba ni nani. Nikasema ni mfagiaji. Akauliza, mfagiaji naye anatazama? Nikasema kila Jumatatu. Akaikunja barua, akasema twende kambini Alhamisi saa nane, na Sharamo alete hadubini yake. Akasema pia kwamba nikiwa nimemchezea, Aabo anaondoka Ijumaa badala ya mwisho wa mwezi.

Hooyo amekuwa akisali tangu hapo. Mimi nilikwenda sokoni nikanunua tikiti, nikalipasua, nikakaa nikitazama mbegu zake. Nilitaka nizijue vizuri.

Safiyo


Garissa
24 Julai 1965

Walaal Keinan,

Kaa chini usome polepole, maana mimi mwenyewe nimeandika polepole.

Alhamisi tulikwenda watatu, Hooyo, mimi na Adeer Noordin. Hooyo na Adeer waliachwa langoni, mimi nikaingizwa kama shahidi. Aabo walimleta kutoka ndani. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote, ila anatembea wima. Hakuniangalia. Aliangalia lile sanduku la majani ya chai mezani, lakiri ya askari bado nyekundu juu yake, na nikaona midomo yake inataja majina.

Afande si mjinga. Hakumwamini Sharamo achague kioo, akachagua mwenyewe kwa kufumba macho. Hakumwamini alete damu ya mtu kutoka hospitali, akatoa kidole chake mwenyewe kichomwe hapo hapo. Sharamo akapaka rangi ile ya malaria kwenye vioo vyote viwili, na rangi nyingine ikamwagika kwenye jalada la faili. Afande akatazama kwanza damu yake. Akasema: duara. Kisha Sharamo akabadilisha kioo.

Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Afande aliinama pale, akarekebisha, akainama tena. Akavua kofia akaiweka kitini. Akarudia damu yake, akarudia kile kioo. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa: huyu anaitwa nani? Sharamo akasoma kwenye kioo: Barwaqo binti Dheero binti Addey. Afande akasema, leta mwingine.

Alitazama wote, Keinan. Thelathini na watatu, mmoja baada ya mwingine, na Sharamo akipaka rangi na kusoma kila jina na ukoo wake kwa sauti. Karani aliacha kuandika, akaja kusimama nyuma yake. Askari wa mlangoni akaja. Afande akawapisha watazame, kila mmoja kwa zamu, nami nikapata zamu yangu baada ya askari. Nilidhani nitaona damu. Niliona uwanja mzima umejaa chembe, kila moja imekamilika, na zote ni za ngamia mmoja, kutoka tone lililobaki kwenye ncha ya sindano ya magunia. Nilisema subhanallah, na afande, ambaye si Mwislamu, akasema ndiyo.

Alipofika kwa Guduudo aliuliza kama ni yule asiyeogopa bunduki. Aabo akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake kile: huyo. Afande akachukua mhuri akapiga kwenye karatasi ya kumwachilia. Saa yake ilisema saa kumi kasoro robo. Aliniambia niende langoni nikangoje na mama, mzee atatoka baada ya kutia dole gumba kwenye daftari.

Tukangoja. Saa kumi na moja hakutoka. Saa kumi na moja na nusu nikauliza, askari wa lango hajui. Unajua kafyu yetu ni saa kumi na mbili, ukikutwa nje unapigwa risasi bila swali. Hooyo alikuwa ameshikilia nguzo ya lango. Alisema wamebadili nia, wamemmaliza humo ndani, na karatasi ilikuwa ya kutufurahisha tu. Adeer alimbandua kwa nguvu kwenye nguzo. Tulirudi nyumbani tukikimbia, na nilimsikia Hooyo akianza kumlilia kama maiti. Nami sikumkataza, kwa sababu nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Asubuhi, jua limeshapanda, mlango ukasukumwa, Aabo akaingia. Mzima. Akaketi, akaomba chai.

Nikauliza mimi: walikuzuia? Akasema hapana. Walikupiga? Hapana. Walikuachilia saa ngapi? Akasema zamani, wewe ukiwepo. Basi ulikuwa wapi?

Akatuangalia kama sisi ndio tunaohitaji kuelezwa. Alisema alipotia dole gumba alimwomba afande naye atazame, kwa kuwa wote walikuwa wametazama isipokuwa yeye. Akainama pale kwenye hadubini. Sharamo alimwambia, mzee, lango linafungwa, akasema ngoja. Afande akamwambia, mzee, ukikosa lango sasa utalala kwenye chumba kile kile. Akasema ngoja. Wiki kumi na tano amekaa kwenye chumba kile akiomba Mungu amtoe, na jioni ya kutolewa alilala humo kwa hiari yake.

"Barwaqo nimemkama miaka tisa," akatuambia. "Nilikuwa sijamwona."

Hooyo alimpiga kwa kitambaa cha mezani, mara moja, kisha akamshika mkono na hajauachia tangu jana. Afande amelirudisha sanduku, litakuja na barua hii. Aabo amekula, amelala, amenyoa ndevu, na leo alfajiri aliniamsha nikuandikie kabla ya lori kuondoka. Anataka kujua maziwa yakiwekwa pale yanaonekanaje. Jibu upesi, anauliza kila saa.

Dada yako,
Safiyo